Kumi za Moyoni

Saa nane mchana, watoto wakishakula na jua likianza kuingia kwa upande, sijui mahali pazuri pa kusinzia kama chumba changu cha kusomea. Pazia ni la kitambaa cha rangi ya asali, na kila kilicho chini yake kinageuka asali: meza fupi kumi, viti vifupi ishirini, vichwa vya watoto, na wanachuo wangu waliokunja magoti mpaka karibu na kidevu kwa sababu viti si vya saizi yao. Kila meza ina mtoto mmoja, mwanachuo mmoja na tableti moja. Barua za chuo huziita vishikwambi. Sisi tunasema tableti, na watoto wanasema "hiyo". Sauti kumi zinasoma kwa kunong'ona, kila moja na hadithi yake. Mimi nasimama ukutani nazisikiliza mpaka zinachanganyika kuwa kitu kimoja, na kuna siku naona kama nimelala huku nimesimama.

Watu wa nje wakiniuliza kazi yangu, nasema nafundisha walimu watarajiwa kutumia tableti kuwasaidia watoto wasome. Wanatikisa kichwa kwa heshima, wakidhani nafundisha kubonyeza. Siku hizi nani anafundishwa kubonyeza? Mtoto ambaye hajaota meno anabonyeza. Mimi nafundisha kutobonyeza.

Katika programu yetu kuna kitufe chenye picha ya sikio. Mtoto akikwama kwenye neno, ukigusa sikio, tableti inalitamka kwa sauti ya mwanamke iliyo safi kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Mtoto analirudia, ukurasa unafunguka, kila mtu anafurahi, na hakuna aliyesoma kitu. Kwa hiyo sheria ya chumba changu ni moja. Mtoto akikwama, unahesabu kumi za moyoni. Usimtajie neno, usiguse sikio, usikohoe, usimwonyeshe kwa macho. Ukifika kumi, sema, kama bado pana haja ya kusema.

Pia kuna nukta nyekundu. Ukiigusa, tableti inarekodi yote yanayosemwa mezani mpaka uiguse tena. Watoto wakiondoka, kila mwanachuo anakaa peke yake, spika ndogo masikioni, anautazama mstari wa sauti kwenye skrini. Pakiwa na maneno mstari unapanda vilima. Pakiwa kimya unalala. Sisi tunatafuta pale ulipolala. Katika daftari wanaandika kimya kirefu cha siku hiyo, na wanashindana kwa kimya kama wenzao wa michezo wanavyoshindana kwa mbio. Kuna aliyefika sekunde kumi na nne akatembea wiki nzima kifua mbele. Mimi wananiita Bi Subiri, wakidhani sijui.

Cherehani hakufika popote. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu akianza kusema haachi mpaka kitambaa kiishe. Ni binti mwenye huruma mpaka inamdhuru; mtoto akikwama, yeye ndiye anayetoka jasho. Alipangiwa msichana wa miaka saba tuliyemwita Kidole, maana bila kuweka kidole chini ya neno haoni kitu. Kidole akifungua mdomo tu, Cherehani keshamaliza: "Mlango, mpenzi, mlango, umeona, haya twende mbele." Kwenye daftari lake kimya kirefu kilikuwa sekunde tatu, na hata hizo tatu nadhani alikuwa anapenga kamasi.

"Mwalimu, naona kama namtesa," aliniambia siku moja, macho yamemjaa maji.

"Unamtesa ukimnyang'anya. Neno ni lake. Mwache alipate mwenyewe."

"Na asipolipata?"

"Atalipata. Wewe shughulika na mdomo wako."

Nina ulimi, sikatai.

Kila kundi jipya nalisimulia habari za baba yangu. Baba alikuwa fundi wa kuchora mabango. Mtaa mzima niliokulia, ukiinua macho ulikutana na kazi ya mkono wake: HAPA TUNASHONA, HAPA TUNANYOA, HAPA TUNATENGENEZA SAA. Herufi zake zilikuwa nono, zenye kivuli cha buluu upande mmoja. Mwanzoni alikwenda kazini peke yake, mpaka siku alipoharibu bango la kinyozi, herufi moja ikageukia nyuma, na watu wakacheka wiki nzima. Baba alisema ni uchovu. Mimi wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule, na tangu hapo akawa ananichukua nimshikie kopo la rangi. Akimaliza anashuka ngazi, anasimama kando yangu, mikono nyuma, anatazama juu. "Haya, mama, nisikie," anasema. Nami naanza kuokoteza herufi. Nikikwama hasemi kitu. Magari yanapita, mwenye duka anatoka kuchungulia, kivuli cha ngazi kinahama ukutani, yeye anangoja tu. Nikilimaliza bango zima anashusha pumzi, anabeba ngazi yake, tunakwenda nyumbani.

"Baba yangu hakusomea ualimu," huwa nawaambia wanachuo, "lakini sijaona mwalimu aliyejua kungoja kama yeye. Hizi kumi za moyoni ni zake." Hapo wengine wanaandika. Nilipenda sana wakiandika.

Baba sasa anaishi kwangu. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukalala, ulimi ukawa mzito. Akili ni ile ile, daktari alisema na mimi naiona, ila neno likitaka kutoka linapanda polepole kama ndoo inayovutwa kisimani kwa mkono mmoja. Mchana anabaki na redio. Jirani yangu mshonaji, ambaye bango la duka lake baba ndiye aliyelichora zamani, anamchungulia saa sita. Kaka yangu, anayekaa mwendo wa saa nne kwa gari, akasema hiyo si haki. Kwake mke yupo nyumbani, watoto wapo, kivuli kipo. Tukapanga: Jumamosi angekuja kumchukua, akae kwake moja kwa moja. Nilimwambia baba, na baba akakubali. Ndivyo nilivyoamini kwa wiki mbili nzima, kwamba baba alikubali.

Lakini alikuwa na kitu. Kila jioni nikirudi na kuweka mkoba mezani, nikimsimulia nani kasoma nini na nani kakwama wapi, alikuwa anajiinua kidogo kwenye kiti, mkono wa kushoto unanyooka. "Mimi..." anasema. Nami nilijua anachotaka, kwani nani anamjua kuliko mimi? Anataka chai. Anataka dirisha lifungwe. Anataka redio ipunguzwe. Nilimfanyia vyote hivyo, mbio mbio, na kila mara aliniangalia kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake, kisha anarudi taratibu kuegemea kiti.

Wiki ile mafundi wa chuo walituwekea toleo jipya la programu. La zamani, ukifunika tableti kwa jalada lake, kurekodi kulikoma. La jipya halikomi mpaka uguse nukta nyekundu mara ya pili. Jumatatu niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUFUNIKA SI KUZIMA. Nikawasomesha wote kwa pamoja, mara tatu, kama watoto wa chekechea. Jumatano jioni nikaenda nyumbani na tableti moja kujaribu hadithi mpya. Niligusa nukta, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasikia birika linachemka, nikafunika jalada, nikaenda zangu jikoni. Alhamisi asubuhi niliikuta imezimika kwa kuishiwa chaji, nikairudisha kwenye chaji pamoja na nyingine, bila wazo lolote kichwani.

Alhamisi watoto hawaji. Ni siku ya kusikilizana. Tunakaa duara, tableti zinapangwa mezani kifudifudi, mmoja anachagua bila kuangalia, tunasikiliza rekodi ya mwisho iliyomo kwa dakika kumi. Sheria zake nilizitunga mwenyewe na nilizionea fahari. Hatusemi ni ya nani hata tukimjua. Tunasema "mwalimu" na "mwanafunzi" basi. Mmoja anahesabu kimya. Na hakuna kuzima kabla ya dakika kumi, hata mwenyewe akilia. Aliwahi kulia mmoja, na sikuzima.

Siku hiyo zamu ya kuhesabu ilikuwa ya Cherehani. Mwenzake akanyoosha mkono, akachagua, akaweka sauti juu.

Kwanza nilijisikia mwenyewe nikisoma, kwa ile sauti ninayoitumia kwa watoto: "Hapa pana kiti. Hapa pana meza." Wakatabasamu. Nami nikatabasamu, nikidhani ndiyo basi. Halafu jalada likagonga, na sauti zikawa za mbali kidogo, kama zinatoka chumba cha pili. Birika. Kijiko ndani ya kikombe. Kisha kiti cha baba kikalia.

"Mimi..." ilisema sauti ya baba.

"Chai inakuja, baba. Sukari kidogo tu, daktari kasema."

"Mimi..."

"Baridi, eh? Ngoja nifunge dirisha."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkono wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye ile tableti. Ubaoni bado palikuwa pameandikwa kwamba kufunika si kuzima, kwa mwandiko wangu, na nikauvuta mkono nikaukalia. Chumba kilikuwa kile kile cha asali. Vumbi lilielea kwenye mwanga bila haraka, na mle ndani ya mwanga mwanamke mmoja alikuwa anamhudumia mzee kwa upendo mkubwa na hamsikilizi hata kidogo. Nilimsikiliza kama simjui. Alikuwa na sauti nzuri. Nilitamani mtu amwambie anyamaze.

"Jumamosi kaka anakuja, unajua. Utafurahi kule. Eh, baba?"

"Mimi..."

"Najua. Hutaki kutusumbua. Wewe siku zote hutaki kumsumbua mtu. Haya, kunywa kabla haijapoa."

Dakika kumi zilikwisha. Cherehani alikuwa ameshika kalamu kwa vidole vyote vitano.

"Kimya kirefu cha mwalimu," alisoma, "ni sekunde mbili." Akashusha kalamu mstari mmoja. "Mwanafunzi alianza kusema mara tisa. Mara tisa alimaliziwa."

Nilingoja aongeze, maana Cherehani hajawahi kusema sentensi tatu bila kufikisha thelathini. Hakuongeza. Aliangalia daftari, akaniangalia mimi, akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyewafundisha kuuliza kila Alhamisi, neno kwa neno.

"Mwalimu, unadhani mwanafunzi alitaka kusema nini?"

"Sijui," nikasema.

Uso ulinishuka mbele ya watoto wa watu, na aibu ile sitaisahau. Lakini chini ya aibu palikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonitoa chumbani kabla ya saa ya kutoka. Ilikuwa Alhamisi. Kesho Ijumaa, keshokutwa gari la kaka mlangoni. Kitu ambacho baba alikisukuma mpaka kwenye meno kwa wiki mbili kingepakiwa pamoja na nguo zake, na kule kwa kaka, nyumba ya watu wenye midomo kama yangu, nani angemngojea?

Nilimkuta kitini pake karibu na dirisha. Sikuuliza chai. Nilizima redio, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Baba, leo sisemi. Nakusikiliza wewe."

Alinitazama kwa wasiwasi, kama anafikiri nimeleta msiba. Kisha akajiinua kidogo.

"Mimi," akasema.

Moja. Mbili. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, na ufagio ulikuwa unahesabu pamoja nami. Tatu, nne. Mdomo wangu ulijaa maneno yake. Umechoka. Una kiu. Mguu unakuuma. Niliyameza moja baada ya jingine, na yalikuwa makavu. Saba. Jasho lilimtoka baba juu ya mdomo wa juu. Sasa nilimwelewa Cherehani, nilielewa kabisa anavyoona kama anatesa mtu. Kumi ikapita. Hakuna aliyewahi kunifundisha baada ya kumi kuna nini. Palikuwa na pazia linavuta pumzi na kuiachia, na mkono wa baba wa kushoto juu ya goti, na mimi ghafla nikawa na miaka sita chini ya ngazi, kopo la rangi linanikata kiganja, mtaa wote umesimama unangoja nilipate neno.

"...sijui..." akasema.

Hujui utaishije kule. Hujui kwa nini tunakupeleka. Niliuma ulimi, si kwa maneno tu, niliuma kweli. Ufagio ukafika mwisho wa uwanja ukarudi.

"...kusoma."

Nilidhani hajamaliza. Niliendelea kungoja, macho kwake, mpaka alipoegemea kiti na kufumba macho ndipo nilipojua kwamba amemaliza, kwamba hilo ndilo lilikuwa lote.

Nikamwacha apumzike. Mengine yalikuja jioni yote, kipande kwa kipande, na hakuna hata kimoja nilichommalizia. Watu walimwandikia maneno ya bango kwenye karatasi. Yeye alichora. Alichora vile vile kama mwingine anavyochora samaki au ua, bila kujua bango linasema nini, mpaka siku alipochora herufi moja ikageukia nyuma na hakuiona, kwa sababu kwake pande zote mbili zilikuwa sawa. Tangu siku hiyo hakuthubutu kuondoka kwenye bango kabla ya mtu kulisoma. Na mtu aliyeweza kumsomea bila kumcheka alikuwa mmoja tu, ana miaka sita, anashika kopo.

"Nilikuwa... nangoja... wewe," alisema. "Uniambie."

Miaka ishirini nimesimama mbele ya watu nikisema hakuna aliyejua kungoja kama baba. Nimewaandikisha madaftarini. Kumbe hakuwa ananipima wala kunifundisha. Alikuwa amesimama pale na roho mkononi, akiomba kimoyomoyo mtoto asikwame. Nililia, sina sababu ya kuficha. Halafu nikamkumbuka akishusha pumzi na kubeba ngazi, nikacheka huku nalia, naye akacheka kwa ule upande mmoja unaocheka.

Hakuwa amekwisha. Alinyoosha mkono wa kushoto kwenye mkoba wangu mezani, na safari hii nilingoja bila kuhesabu.

"Nipeleke... kwa wale... watoto."

Nilimpigia kaka simu kabla giza halijaingia.

"Kaka, Jumamosi usije kumchukua."

"Amekataa?"

"Hatukumwuliza. Anataka kusoma, huku kwangu chuoni."

"Kusoma nini? Baba si anajua kusoma."

"Hata mimi nilidhani."

Kaka akanyamaza. Zamani ningemwambia yote pale pale, kwa pumzi moja. Nilikiacha kimya chake kikae.

"Mabango yote yale," alisema mwishowe, kwa sauti ya kijana mdogo.

"Yote. Njoo Jumamosi unywe chai naye tu. Lakini uje na subira, maana anazo habari."

Ijumaa nilimwomba dereva wa chuo atupitie nyumbani. Niliingia na baba chumbani saa nane, mkono wake mzima begani kwangu, akiburuta mguu. Watoto walimwangalia mara moja kisha wakarudi kwenye hadithi zao. Mtu mzima anayetembea polepole si jambo jipya kwao. Nilimletea kiti cha ofisini, nikamweka kwenye meza ya Cherehani. Wenzake wakadhani namkomoa. Mimi nilijua kwamba katika chumba kile ni yeye peke yake ambaye jana alikuwa na maneno mengi ya kuniambia na akayaacha.

Kidole alisogea kidogo ampe nafasi.

"Weka kidole, babu," akamwelekeza. "Bila kidole huoni."

Baba akaweka kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto chini ya neno la kwanza. Ukurasa ulikuwa ule ule wenye kiti na meza. Cherehani kwanza alimwonyesha herufi zilizomo, moja moja, akazitamka naye mara kadhaa, kisha akagusa nukta nyekundu na akanyamaza. Mstari wa sauti ukaanza kutembea kwenye skrini, umelala.

Baba alikwama. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Niliona mkono wa Cherehani unainuka wenyewe kuelekea kwenye sikio, na nilikuwa nimeshachukua hatua moja. Kidole alikuwa karibu zaidi. Alifunika kile kitufe kwa kiganja chake kizima.

"Mwache, mwalimu. Neno ni lake."

Kumbe siku zote watoto wananisikia. Cherehani akaukalia mkono wake, kama nilivyoukalia wangu jana.

Mstari uliendelea kulala. Sauti nyingine tisa zilinong'ona, zikachanganyika, zikawa kitu kimoja, na ndani yake baba aliinua macho kutoka kwenye ukurasa akanitafuta ukutani. Akaniona. Nililijua tazamo lile kabla sijajua kuandika jina langu. Nimelipenda maisha yangu yote na kuliita subira. Alikuwa ananiomba nimwambie. Neno lilikuwa kinywani mwangu, jepesi, lingemfikia kwa nusu pumzi, na sijawahi kutaka kumpa mtu kitu kama nilivyotaka kumpa baba neno lile. Niliweka mikono yangu nyuma, nikaifungia pale. Alinitazama muda mrefu. Kisha nikaona ameelewa, na akarudisha macho chini.

"Ha," akasema.

Kidole alikuwa ameacha kupumua.

"Pa."

Baba akalipitia tena kwa kidole, mwanzo mpaka mwisho. "Hapa." Akageuza tableti kumwelekea mtoto kama vile mtoto hajawahi kuliona. "Hili... nimelichora. Mimi. Miaka... yote." Alilitazama bila kupepesa. "Kumbe... ndiyo hili."

Cherehani aliandika kwenye daftari sekunde arobaini na moja. Pembeni yake aliongeza kwa mwandiko wake wa mbio mbio kwamba sehemu ya kimya kile ilikuwa ya mkufunzi, je, inaruhusiwa kuihesabu. Nilimwandikia kwamba inaruhusiwa.

Dereva alitushusha mwanzo wa mtaa wetu, kwa sababu baba alisema, kwa muda wake, kwamba anataka kutembea. Tulikwenda hatua kwa hatua mpaka mbele ya duka la jirani yangu mshonaji. Hapo akasimama. Juu ya mlango bango lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu pembeni, lakini herufi zilikuwa nono bado, na kivuli chake cha buluu kilionekana. Baba aliupeleka mkono mzima nyuma, akaushika ule uliolala, akainua kichwa. Neno la kwanza alikuwa nalo tayari. La pili lilikuwa refu.

Jirani alituona kwa dirishani, akatoka na futi shingoni, akafungua mdomo kusalimia. Nilimwashiria asubiri kidogo. Jua lilikuwa bado juu ya paa la duka, na magari yalikuwa yanapita nyuma yetu.

"Haya, baba," nikasema. "Nisikie."

Nikasimama kando yake, mikono nyuma.